Shibiri Moja Chini ya Gari

Kazi yangu mjini Sumbawanga ni kufundisha watu kuendesha gari. Kwa hiyo mdogo wangu aliponipigia simu kutoka Dar es Salaam, akasema anataka kununua gari la umeme na ameshindwa kuchagua kati ya mawili, sikushangaa kuitwa. Nyumbani kwetu mdogo hanunui kitu kikubwa, kiwe ng'ombe wa kulimia au kiwanja, bila kumwonyesha kaka yake kwanza. Mkubwa akishakiona na kusema neno, kimepata baraka. Kilichonifanya nifunge safari ni maneno yake ya mwisho: akilipata tu, anakuja nalo kumwona mama.

Mama anaishi kijijini, upande wa Mwazye. Nyonga yake haimruhusu tena kukaa kwenye basi la safari ndefu, na mdogo wangu hakuwa amekanyaga pale tangu tulipomzika baba. Mama hakuuliza gari lenyewe ni la aina gani. Aliuliza litakula nini. Nikamweleza kwamba halinywi mafuta, linachomekwa ukutani kama simu, usiku linalala likivuta umeme. Nikampeleka fundi, akafunga soketi kwenye ukuta wa nje, karibu na mlango, yenye kifuniko cha kuzuia mvua. Kila asubuhi mama aliifuta vumbi kwa ncha ya kanga yake.

Magari yenyewe niliyoyakuta Dar es Salaam, kwa ambaye hajawahi kuyapanda, hayana ugumu wowote. Yote mawili, moja la kijivu na moja jeupe, yalikuwa ya milango minne, ya kifahari, yaliyotengenezwa kwa ajili ya mbio. Hakuna klachi, hakuna gia za kuhangaika nazo. Unakanyaga, linaondoka. Unainua mguu, linapunguza mwendo lenyewe na kurudisha umeme kidogo kwenye betri. Mwanafunzi wangu mwoga kuliko wote angelimudu kabla ya chai ya saa nne. Cha kuangalia ni ule wepesi wake. Mdogo wangu alipolikanyaga lile la kijivu kwenye barabara tupu, kisogo changu kiligonga kiti na tumbo nikaliacha nyuma. Akacheka kama alivyokuwa akicheka tulipoteremka kilima kwa baiskeli isiyo na breki, na mimi nikacheka naye. Nilimpenda sana wakati ule. Bado inaniuma kukumbuka.

Lile jeupe halikuruka hivyo. Lakini lilikuwa na kitufe ambacho ukikibonyeza, gari zima linajiinua kutoka ardhini. Milango yake ya nyuma ilifunguka sana. Nikaingia na kutoka nikijifanya mwenye nyonga mbovu, nikaona mama ataweza. Tuliporudi kwenye yadi ya kuuzia magari nikapiga magoti, nikapima kwa mkono nafasi iliyopo chini ya kila moja.

Muuzaji, kijana mwenye miwani ya jua, akasimama juu yangu. "Mzee, unapima gari au unapima kina cha choo?"

Mdogo wangu akamwambia asishangae, huyu hata mke alimpima kwa shibiri kabla ya kutoa mahari. Tukacheka wote.

Kisha nikaeleza, taratibu, kama ninavyoeleza darasani. Chini ya lile jeupe, likiwa limeinuliwa, shibiri yangu iliingia. Chini ya lile la kijivu mkono uligoma. Ukiacha lami kuelekea kwa mama, malori ya mahindi yamechimba mifereji miwili, na katikati pamebaki tuta la udongo mkavu. La kijivu lingekalia tumbo hapo. Jeupe lingepita, na njiani angelala Iringa, angelala Mbeya, akilichaji kwenye nyumba za wageni. Hata soketi ya mama nilimweleza. Alinisikiliza mikono ameikunja, kama mtu aliyejikinga kibarazani akingoja mvua ipite.

Muuzaji alikuwa amekwenda ofisini. Akarudi na simu mkononi. "Bosi, lile lako la kijivu ulilolipia limeshatoka bandarini. Kesho tunafunga namba."

Nilidhani anazungumza na mteja mwingine. Nikageuka kuangalia nyuma yangu. Hapakuwa na mtu.

"Kaka, nilitaka tu ulione," mdogo wangu akasema, akitazama viatu vyake. "Ningelichukuaje bila wewe kuliona?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa ameniita nichague. Alikuwa ametimiza heshima, na hakuna mtu kwetu Ufipa yote ambaye angeweza kumlaumu: kaka ameitwa, kaka ameonyeshwa. Mimi ninayefundisha watu kutazama vioo sikuona lililokuwa mbele yangu. Nikamwuliza, na mama je? Akasema barabara ikiwekwa lami atakuja.

Mkubwa lazima aseme neno. Nikasema gari ni zuri, Mungu amlinde barabarani. Akanishukuru kwa mikono miwili.

Niliporudi nilimkuta mama uani, anapeta ulezi, upepo unachukua makapi. Soketi ilikuwa inang'aa. Nikamwamkia, nikakaa, nikaanza kumtetea mdogo wangu: gharama, betri, umbali. Ninajua kueleza mambo. Aliniacha hadi maneno yakaniishia.

"Magari yalikuwa mawili tu, mwanangu," akasema. "Mimi sikuwamo."

Akapeta tena kidogo. Halafu akauliza hilo alilochukua limeinuka kiasi gani. Akaweka ungo pembeni, akainama kwa shida, akasimamisha mkono kwenye udongo, dole gumba chini, kidole cha mwisho juu.

"Hivi?"

"Pungufu ya hapo, mama."

Akakunja vidole kidogo, akaniangalia. Akakunja tena.