Saksofoni Ndani ya Baleti

Nilikuwa nimepiga saksofoni miaka mingi kwenye arusi na matanga ya Goma kabla sijaisikia mahali ambapo sikuitarajia hata kidogo.

Mwalimu mmoja wa dansi alikuwa akiwafundisha wasichana baleti katika ukumbi wa parokia, kule mtaa wa Ndosho. Aliniita niwapigie saksofoni, nikadhani ananitania. Kwangu mimi baleti ilikuwa violini na watu wanaotembea kwa ncha za vidole.

"Papa, sikiliza kwanza," akasema, akawasha spika.

Saksofoni ndiyo iliyoanza, polepole, kwa huzuni. Baadaye ngoma, tromboni na klarineti zikaingia kwa fujo, kila moja ikiikatiza nyingine. Nikauliza ni bendi ya wapi.

"Ni baleti ya Paris, ya karibu miaka mia. Mutungaji alikuwa Mufaransa. Alisikia jazi ya Weusi kule Amerika, akarudi nayo."

"Na dansi yenyewe inaeleza nini?"

"Miungu ya Afrika wanaumba dunia."

Nikatafuta kiti. Miungu ya Afrika, Paris, kwa saksofoni! Na mimi nilikuwa sijawahi kuambiwa.

Wakati huo mama yangu alifika mlangoni na chakula changu. Akatua sufuria chini, uso umembadilika.

"Nani alikufa?"

"Hakuna mutu alikufa, mama. Ni muziki ya Wazungu."

"Ya Wazungu? Unanidanganya. Hii ni kilio. Ni vile tulililia baba yako."

Shuleni nilisoma kwamba Weusi wa Amerika ni wajukuu wa watu waliochukuliwa kwetu kwa minyororo. Nilijibu mtihani, nikapita. Siku ile ndipo nilipoisikia habari yenyewe, tena kupitia mikono ya Mfaransa.

"Wale Weusi aliowasikia yule Mufaransa," nikamuuliza mwalimu, "majina yao yaliandikwa?"

"Sijayaona popote, papa."

Nilishika saksofoni, nikairudisha sandukuni. Nikarudi nyumbani bila kupuliza noti hata moja, nikamweleza mama habari ya wale waliochukuliwa kwa minyororo.

Siku ya maonyesho nilipuliza. Katikati, penye kile kilio alichokisikia mama, niliishusha saksofoni. Wasichana wakaendelea kucheza kwa mdundo wa miguu yao hadi nikaweza tena. Watu walishangilia sana. Mama hakupiga makofi. Alikuja mbele, akanishika mkono mbele ya wote, akauliza kwa sauti ya chini:

"Na wao, kule walipelekwa, nani aliwalilia?"