Jiwe Alilolihamisha Generosa

Generosa Mushi alistaafu mwezi wa Machi, siku ya Ijumaa, na kufikia Jumatatu alikuwa ameshafua mapazia yote ya nyumba. Jumatano akayafua tena. Alikuwa amefanya kazi wodini miaka ishirini na saba, msaidizi wa wauguzi katika hospitali moja ya kaskazini mwa London: kutandika vitanda, kugeuza wagonjwa, kulisha wazee waliosusa chakula. Mikono iliyozoea hivyo haikubali kuambiwa ikae mapajani. Kabla Pasaka haijafika alikuwa ameupaka rangi mlango wa choo, amepanga upya makabati ya jikoni, na amemsugulia jirani wa chini kigari cha mtoto bila kuombwa.

Binti yake Haika aliyavumilia hayo kwa muda. Waliishi wawili tu, katika fleti ya kupanga pale Kilburn, ghorofa ya tatu. Haika alikuwa na miaka thelathini na moja, msaidizi wa daktari wa meno, amezaliwa London na kukulia London. Kiswahili alikisikia chote, hata kile cha mafumbo, lakini mama akimsemesha kwa Kiswahili yeye alijibu kwa Kiingereza, na maisha yao yakaenda hivyo miaka yote, kila mtu na lugha yake, bila ugomvi. Jioni moja alirudi kazini akakuta nguo zake zimepigwa pasi mpaka soksi. Akaketi kitandani, akasema sasa mama inabidi afundishwe kupumzika.

"Kupumzika nako kunafundishwa?" Generosa akauliza.

Haika akamwambia kwamba Alhamisi hatakuwa kazini, na kwamba atampeleka bustanini.

Neno hilo lilimfurahisha Generosa. Kwao Kibosho, kule juu ya Moshi, bustani ni mahali pa mchicha, nyanya na vitunguu. Alhamisi asubuhi akavaa viatu vyake vya kazi, akakunja mfuko mkubwa wa plastiki akausokomeza kwenye pochi, maana hukosi mtu mwema akakuruhusu uchume mboga kidogo.

Walipokuwa ndani ya basi ndipo Haika alipomweleza kwamba bustani yenyewe ni ya Kijapani.

"Na Wajapani wanalima nini?"

Hawalimi kitu, Haika akasema. Unakaa tu, unatazama.

Generosa akageukia dirishani, akaushika mfuko wake ndani ya pochi kama mtu aliyesikia habari za msiba wa mbali.

Bustani ilikuwa ndani ya bustani nyingine kubwa ya umma, magharibi mwa jiji, nyuma ya ua wa mianzi. Langoni palikuwa na kibao: usitoke njiani, usiwalishe samaki, sema kwa sauti ya chini. Wakaingia. Generosa alitafuta maua akaona machache, yote yamejificha pembeni kama watoto waliochelewa misa. Katikati palitandazwa changarawe nyeupe iliyochorwa mistari kwa reki, mistari mirefu iliyonyooka mpaka ikafika kwenye mawe makubwa matatu, ikayazunguka. Palikuwa na taa ya jiwe isiyo na taa ndani. Palikuwa na misonobari iliyofinywa ikakua kama vikongwe. Na chini, kila mahali penye kivuli, ardhi ilikuwa imefunikwa na ule ujani laini unaoota ukutani penye unyevu, ule ambao Generosa alikuwa akiukwangua bafuni kila mwezi kwa kisu na siki. Hapa walikuwa wameuzungushia kamba usikanyagwe.

"Haika," akanong'ona, "hawa watu wamepanda uchafu."

Haika akacheka kimyakimya, akamkalisha kwenye benchi lililotazama kijito. Maji yalishuka kutoka kilimani kwa ngazi za mawe, yakapita chini ya daraja dogo, yakaingia bwawani kwenye samaki wakubwa wa rangi ya chungwa. Haika akafumba macho. Akamwambia mama naye afumbe, avute pumzi, asikilize.

Basi Generosa akafumba macho, akasikiliza. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Baba yake, Mzee Telesphor, alikuwa mtu wa mfongo. Mfongo ni mfereji wa kuchimbwa unaotoa maji mtoni huko juu msituni na kuyaleta chini hadi migombani, nyumba kwa nyumba, kila ukoo na zamu yake. Telesphor ndiye aliyekuwa akiutunza ule wa kwao, kuondoa majani na kuziba palipobomoka, na kwa kuwa Mungu alimpa mabinti watupu, Generosa, mzaliwa wa kwanza, ndiye aliyemfuata nyuma na kijembe kidogo. Mzee hakuwa mwepesi wa maneno. Alisimama tu kwenye njia, shingo ameipinda, akisikiliza. "Maji yanayonung'unika yanatafuta pa kutorokea," alimwambia binti yake, kisha akaenda moja kwa moja mpaka pale yalipokuwa yakitoroka.

Maji haya ya Wajapani yalikuwa yakinung'unika.

Generosa akafumbua macho, akaona mara moja. Hatua sita kutoka kwenye benchi, juu kidogo ya daraja, jiwe lenye ukubwa wa kichwa cha mbuzi lilikuwa limekaa upande katikati ya kijito. Maji yalikuja vizuri, yakaligonga, nusu yakapita njia yao na nusu yakateleza pembeni, yakapotea ndani ya ule ujani. Nusu nzima ya maji. Kibosho watu wamewahi kupelekana kwa mwenyekiti kwa chini ya hapo.

Alijitahidi, na hilo lazima asemewe. Alikaa dakika kumi. Akahesabu samaki. Akasali fungu moja la rozari. Kila aliporudisha macho, jiwe lilikuwa pale pale na maji yanamwagika. Haika alikuwa bado amefumba macho, uso umelegea, mtu mwenye amani. Generosa akavua viatu, akavua soksi, akakunja suruali hadi magotini, akavuka ile kamba.

Maji yalikuwa ya baridi kali. Akainama, akalipindua jiwe mara moja, akalisukuma ukingoni. Kijito kikapata njia. Maji yote yakashuka kwa pamoja chini ya daraja, yakaingia bwawani kwa kishindo, na samaki wakakimbilia upande wa pili kama abiria waliotangaziwa kubadili jukwaa. Mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa akichora pale darajani akainua penseli yake hewani akabaki hivyo.

"Madam," sauti ikaita kwa Kiingereza kutoka nyuma ya misonobari. "Madam, tafadhali usiende mbali zaidi."

Alikuwa mtunza bustani, Singasinga wa miaka sitini na kitu, kilemba cha buluu, reki mkononi, suruali imechafuka magotini. Alitembea haraka bila kukimbia, kwa namna ya mtu aliyekatazwa kukimbia kazini.

"Mungu wangu," Generosa akajisemea kwa Kiswahili, "na huyu naye katokea wapi."

Yule mtu akasimama ghafla. Akamtazama mama aliyekuwa ndani ya kijito, kisha akatazama jiwe.

"Nimetokea Kisumu," akasema. "Sasa mama, hiyo jiwe imekukosea nini?"

Generosa alipigwa na butwaa, lakini si kiasi cha kusahau mengine. "Hilo jiwe," akasema. "Limenikosea nini."

"Unanisahihisha Kiswahili na umesimama ndani ya maji yangu?"

Haika alikuwa ameshafumbua macho. Amesimama kando ya benchi, mikono kichwani.

Jina lake yule mtu lilikuwa Kuldip. Alizaliwa Kisumu, akaondoka na wazazi wake akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, akaishi Southall tangu hapo, na bustani hii alikuwa ameitunza miaka ishirini na mbili. Hakupaza sauti. Alichuchumaa ukingoni, akamweleza Generosa taratibu, na huo upole ndio uliomwumiza zaidi. Lile jiwe, alisema, liliwekwa na fundi aliyetoka Japani kuja kuijenga bustani. Mawe mengine yote ya kijito aliyaweka kwa wiki moja. Hilo moja lilimchukua siku tatu. Maji yanayoteleza pembeni ndiyo yanayonywesha ule ujani, ndiyo maana haukauki hata kiangazi. Na sauti ile ya kugonga, fundi alitaka mtu aisikie akiwa bado langoni, kabla hajayaona maji yenyewe.

"Kwa hiyo halikuanguka," Generosa akasema.

"Halikuanguka."

Generosa akatazama miguu yake ndani ya maji. Miaka ishirini na saba wodini hakuwahi kumpa mgonjwa chakula cha mwenziwe, na leo, wiki ya sita ya kustaafu, alikuwa ameharibu kazi ya mtu ya siku tatu kwa sekunde tatu. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Haika alikuwa ameshaanza kuomba msamaha kwa Kiingereza, maneno mengi, akisema mama hakukusudia, mama amestaafu juzi tu, watalipa kama kuna cha kulipa. Kuldip akamtikisia kichwa, hakuna.

"Nitalirudisha," Generosa akasema.

"Wewe toka tu kwenye baridi, mama. Mimi nitaangalia picha, nitaliweka."

"Picha itakuonyesha lilivyokaa. Haitakuonyesha lilivyolia."

Kuldip akaegemeza reki kwenye msonobari, akavua buti zake, akaingia.

Mara ya kwanza walilirudisha jiwe palepale kwenye alama yake ya tope, na kwa macho hakuna ambaye angejua. Lakini maji yalikuwa yakibwabwaja. Generosa akatikisa kichwa. Alikuwa amekaa na ile sauti dakika kumi nzima akiichukia, na sauti uliyoichukia hivyo haisahauliki haraka. Wakaligeuza kidogo kuelekea darajani. Sasa maji yalipita kimya kabisa. Wakaliinamisha mbele. Kuldip akasema hapo, ndipo. Generosa akasema sipo. Vidole vya miguu vilikuwa vimeshakufa ganzi, na mgongo wa Kuldip ulianza kumsema. Ubaya ni kwamba wao wenyewe, wakiwa wamesimama ndani ya kijito, walikuwa wakiyazuia maji kwa miguu yao, na kila mmoja alisikia maji ya kwake.

"Bado," Haika akasema.

Wakageuka wote wawili. Haika alikuwa amerudi kukaa palepale alipokuwa mwanzo, mgongo umenyooka, macho ameyafumba.

"Bado, mama. Kushoto kidogo." Kiswahili chake kilitoka polepole, kila neno likikaguliwa kabla ya kuachiwa. "Hapana, umezidisha. Rudi. Sasa... inua huku nyuma."

Generosa aliogopa akijibu tu Kiswahili hicho kitakatika. Akaingiza vidole chini ya jiwe, akainua nyuma kiasi cha unene wa ganda la ndizi, na Kuldip akasukumiza kokoto chini yake. Kisha wakatoka ndani ya maji, mmoja ukingo huu na mwingine ule, wakanyamaza.

Yule mzee mchoraji pale darajani ndiye aliyepiga makofi kwanza, mara mbili tu, kwa adabu.

"Hapo," Haika akasema.

Kuldip alikuwa na chupa ya chai kwenye kibanda chake cha vifaa, chai ya maziwa iliyotiwa iliki na tangawizi, na taulo la kufutia mikono ambalo Generosa alilikagua pande zote mbili kabla ya kujifutia miguu. Walikunywa wakiwa wamesimama. Kuldip akauliza Kibosho ni wapi, akaelezwa. Akauliza mfongo unachimbwaje, akaelezwa hilo pia, kwa urefu, na mchoro kwenye vumbi. Kabla hawajaondoka akamwambia Generosa kwamba bustani ina watu wa kujitolea siku za Alhamisi, wengi wao wastaafu, wanaookota majani yaliyoangukia kwenye ule ujani, moja moja, kwa mkono, maana ukitumia fagio unaung'oa.

"Moja moja?"

"Moja moja. Na ukimaliza, yanaanguka mengine."

Haika aliona uso wa mama yake ukichangamka, akajua mapazia yamepona.

Generosa alianza Alhamisi iliyofuata. Kazi aliijua upesi, masharti yalimchukua muda mrefu zaidi. Mara mbili Kuldip alimkuta amekunja mikono ya sweta akilitazama jiwe jingine, karibu na bwawa, kwa jicho ambalo Kuldip hakulipenda, akamwita aje ashike ngazi. Waligombana kuhusu chai, kama iliki inatiwa kabla ya maziwa au baada. Waligombana kuhusu Kiswahili, Kuldip akisema hiyo maji na Generosa akisema hayo maji, mpaka wazee wengine wa kujitolea wakajifunza maneno matatu manne, na mama mmoja wa Kiingereza akawa anawasalimu samaki "hamjambo" kila anapofika. Haika alikuja Alhamisi alizopata nafasi. Kwenye basi la kurudi alizungumza na mama yake kwa lugha zote mbili, akikwama anaruka, na Generosa, ambaye aliwahi kusahihisha mapadre, hakumsahihisha hata mara moja.

Mwezi wa Novemba ukawa wa kuifunga misonobari kwa kamba ili theluji isije kuvunja matawi. Mlingoti unasimamishwa karibu na shina, kamba zinashuka kutoka kileleni, kila tawi na kamba yake, mti unabaki kama mwavuli usio na kitambaa. Kuldip mwaka huo goti lilikuwa limemgomea. Vijana wawili waliotumwa na ofisi ya bustani walikuwa wamekwama kwenye foleni mahali fulani, na mvua ilitabiriwa mchana.

"Mimi nitapanda," Generosa akasema.

"Mama, una miaka sitini na mitatu."

"Na wewe una goti."

Kuldip akampigia Haika simu kazini ili amkataze. Haika akamkataza kwa Kiswahili, akamkataza kwa Kiingereza, na wakati anaanza kumkataza mara ya tatu Generosa alikuwa ameshafika hatua ya tano ya ngazi, akitafuta fundo kwa vidole. Kutoka pale juu aliona ua wote wa mianzi, na nyuma yake basi jekundu likipita, na mapaa yaliyolowa, na watu wadogo wakikimbilia kazi zao. Akalifunga tawi la kwanza, akalivuta kidogo kulijaribu, likaitika.

"Lete kamba ya pili," akasema.