Mguu Ulioteguka, Sufuria Isiyoteguliwa

Sufuria huteguliwa motoni, na kifundo cha mguu huteguka. Mama yangu, mpishi wa bwalo la chuo ambamo nami nafanya kazi, aliyafanya yote mawili kwa mpigo. Walikuwa wameshika sufuria ya maharage, yeye huku na shangazi yangu, mpishi mwenzake, kule, mguu wake wa kushoto ukapinda kama ulivyozoea, na mchuzi wa moto ukamwagikia shangazi mapajani. Tangu hapo Mama akawekwa kwenye kumenya viazi. Kwake huko kulikuwa kufukuzwa kazi kwa adabu.

Nikampeleka kliniki. Mtaalamu wa viungo alisema mifupa haina kosa, ila mguu umeteguka mara nyingi mno hata ubongo umeacha kuusikiliza. Akamfunga kichwani sponji mbili zilizolowa maji ya chumvi, zenye nyaya za umeme mdogo, akamsimamisha kwa mguu mmoja juu ya godoro laini. Alituambia wazi kwamba bado wanaijaribu njia hiyo, haahidi kitu. Mama akaninong'oneza kwamba yeye kaja kutibiwa chini, wao wanahangaika juu. Nilicheka hadi mtaalamu akanikata jicho.

Umeme ulimtekenya kama sisimizi, kisha ukapotea. Akafumba macho. Baadaye alinisimulia kwamba chumba kilijaa mvuke, sakafu ikalainika kama uji, naye akaelea humo bila uzito, akisikia kwa mbali kidole gumba cha mguu kikiuliza na kisigino kikijibu. Mimi niliona tu mama yangu, bingwa wa makelele, akiyumba polepole, kimya kama mtoto anayebembelezwa. Wiki nyingi zilipita hivyo, na nasema kweli, nilimpenda upya.

Siku aliyoruhusiwa kurudi kupika alikwenda moja kwa moja kwenye jiko kubwa. Shangazi akaja upande wa pili. Wakainua. Mvuke uliwafunika kuanzia kichwani hadi kiunoni, nikawa naona miguu tu, na ule wa kushoto wa Mama ulikuwa umetulia tuli. Nilitaka kupiga makofi. Ndipo kifuniko kikaanza kugongagonga.

"Wifi, unatetemeka," Mama alisema.

"Ni uzito tu. Twende."

Mama hakwenda. Aliishusha sufuria pale pale juu ya jiko, taratibu, akazima moto. Shangazi alikuwa akiinua sufuria hiyo na wenzake kila siku, wala hatukuwahi kusikia kifuniko kikilia. Sote tuliulizia mguu wa Mama. Mapaja yalipopona, hakuna aliyemuuliza shangazi neno.

"Unaniogopa mimi," Mama alisema.

Shangazi aliitikia kwa kichwa, machozi yakimtoka.

Mama alichukua sufuria nyingine tupu, akaiweka chini ya bomba, akafungulia.

"Basi tuanze na maji baridi," alisema.