Nilivyotangaza Maji Ambayo Hayakuwepo

Jamani, mie ni mtu mzima, nimezaa, nimelea, na kwenye kikundi chetu cha maombi hapa Kinyerezi ndiye ninayeshika kitabu cha mahudhurio, lakini Jumamosi ile ningepata shimo ningeingia na viatu vyangu.

Binti yangu Neema yuko chuo mwaka wa mwisho, na kazi yake ni kutafuta kitu chenye vitundu vidogo mno, vidogo hata jicho halivioni, ambacho kinaweza kunasa maji yaliyomo hewani. Kitu chenyewe hajakishika bado, anakijaribu kwanza ndani ya kompyuta, kwa hesabu ndefu iliyokuwa inakwenda siku ya tisa pale mezani na feni inaipuliza, na Ijumaa inayofuata alitakiwa aipeleke kwa mwalimu wake la sivyo hamalizi mwaka.

Sasa bomba mtaani kwetu lilikuwa limekauka wiki mbili. Siku moja kabla ya Jumamosi hiyo, Ijumaa kwenye maombi, roho ikanipanda, nikasimama kushuhudia, na sie si tunafundishwa kukiri kwa imani (unalisema jambo kama limeshatokea, ndivyo linavyokuja), basi nikasema, "Bwana asifiwe! Mwanangu amepata maji kutoka hewani!" Wakapiga vigelegele. Mie nikakaa, nimeridhika kabisa.

Jumamosi mchana nasikia hodi. Mama Joshua wa kikundini huyo, na wenzake sita, kila mmoja na ndoo.

"Mama Neema, tumekuja mapema tusikose. Bomba liko wapi?"

Hapo ndipo ningesema ukweli, yaishe. Neema alikuwa ametoka, ameenda kisimani (ndiyo, kisimani, na dumu lake!), mie nikaona haya, nikawaingiza sebuleni. Nikawaonyesha kwenye kioo cha kompyuta vidoti vya bluu vinacheza kwenye vitundu.

"Ndiyo hayo."

"Mbona madogo hivi?" Mama Joshua akauliza. "Hebu yakuze."

Nikashika mausi kama fundi. Kikatokea kiboksi cha Kiingereza, na mie ndo kwanza nasoma kidato cha pili masomo ya jioni, nusu nilielewa nusu sikuelewa, ila mbele za watu utasemaje hujui? Nikabonyeza ndiyo. Vidoti vikapotea vyote. Kioo cheusi.

"Yamekatika na hapa?" mmoja akauliza.

Neema akaingia na dumu kichwani. "Shikamooni." Akaangalia meza, akaniangalia mie. "Mama, umegusa?"

"Nimegusa, mwanangu. Nimezima siku zako tisa." Nikaanza kulia mbele ya ndoo saba.

Akatua dumu, akakaa, akabonyezabonyeza, na sie tumesimama kama msibani. Kisha akapumua. "Inajihifadhi yenyewe kila baada ya saa, mama. Tumepoteza dakika arobaini." Vidoti vikarudi. Nilisema asante Yesu kwa sauti mpaka jirani akachungulia.

Lakini wageni bado wananitazama. Nikawaambia, "Wapendwa, nilikiri kwa imani. Maji hakuna."

Neema akawaelewesha taratibu. "Si mnaona chumvi ya kwenye kikopo inalowana na hakuna aliyeimwagia maji? Hewa ya Dar imejaa maji. Mie natafuta kitakachoyashika vizuri zaidi ya chumvi, na ukikipasha moto kiyaachie, uyanywe. Kompyuta inanionyesha kipi kinafaa kabla hatujakitengeneza."

"Kwa hiyo haya ni ya hesabu tu?"

"Ya hesabu tu, mama."

"Hata tone?"

"Hata tone."

Mama Joshua akaangalia ndoo yake. "Wallahi vile, na ulokole wangu, nimebeba ndoo ya lita ishirini kufuata hesabu!" Wakacheka mpaka wakakaa chini, na mie nikacheka na machozi yangu.

Hesabu iliisha Jumatano. Ijumaa Neema akanipigia kutoka chuo: maji yananasa, si mengi kama alivyotaka, ila mwalimu amempitisha, amemwambia sasa akakitengeneze kitu chenyewe kwa mikono, ajaribu na hewa ya kweli. Jamani, mdomo uliniwasha! Ilikuwa saa ya maombi, nikaenda, wakauliza nani ana ushuhuda, shingo zote zikageuka kwangu.

Nikasimama. Nikasema, "Binti amefaulu. Maji bado. Msije na ndoo." Nikakaa.