Kikohozi cha Tatu

Baba mkwe wangu alikuwa na kikohozi ambacho hakikuwa cha ugonjwa. Kila alipofika kwenye mgomba wa mwisho kabla ya uwanja wetu alikohoa mara moja, kikavu, kisha akasimama akisubiri. Nami nikisikia, nilivuta kanga kichwani, nikaacha nilichokuwa nafanya, nikaingia jikoni au nikageukia ukuta mpaka apite. Huko kwetu Rungwe mwanamke aliyeolewa humwogopa baba wa mumewe. Si kuogopa kupigwa. Hamtazamani, hamsemeshani, hamkutani njiani. Kufikia miaka ile ninayoisimulia, wake wengi wa Tukuyu mjini, na hata wa Kyimo tulikokaa, walikuwa wameshaliacha jambo hilo, wengine wakisema ni ushamba, wengine wakisema dini haikulitaka. Baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa na hakuliacha. Mimi, mwalimu wa shule ya msingi mwenye cheti changu, sikuliacha kwa ajili yake. Mzee mzima anajitangaza kwenye ardhi yake mwenyewe ili mimi nisiaibike! Kwa miaka tisa hatukusemezana neno hata moja, na nilimpenda kuliko wazee wengi niliowahi kuongea nao.

Rafiki yangu alijua yote hayo. Alizaliwa Lufingo, hatua chache tu kutoka kwetu. Katika chuo cha ualimu tulilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu, mimi chini, na siku ya harusi yangu ndiye aliyesimama kando yangu akinipangusa jasho. Baadaye aliacha ualimu akaenda pwani kusomea sanaa. Aliporudi alikuwa anavaa suruali, akina mama wa kanisani wakamsema mwezi mzima, naye akawa na neno moja ambalo halikumtoka mdomoni: majaribio.

Sisi tulikuwa tumezoea ngonjera. Tuliwapanga watoto mistari miwili mbele ya wageni wa chama, wakaanza kwa pongezi na wakamaliza kwa pongezi. Sasa, alisema, mambo yamefunguliwa. Ilikuwa kweli kwa namna yake: maduka yalikuwa yamejaa sabuni za kila rangi, mitumba ilimwagwa kila kona, na kiwanda cha chai kilikuwa kimewarudisha nyumbani watu waliokitumikia tangu ujana wao. Kama kila kitu kimefunguliwa, alisema, na sanaa iruhusiwe kuuliza maswali isiyokuwa na majibu yake. Nilimcheka, kisha nikamfuata.

Kabla sijajiunga na kikundi chake niliomba ruhusa nyumbani kwa njia iliyostahili. Nilimwambia mume wangu, mume wangu akamwambia mama yake, mama mkwe akalipeleka kwa mzee. Jibu lilirudi kwa njia ile ile baada ya siku mbili: nicheze, ila nyumba yake isiingie jukwaani. Niliitikia kwa moyo mweupe. Sikuona ugumu wowote katika sharti hilo.

Tulikuwa watu watano. Tulifanyia mazoezi kwenye ukumbi wa ushirika uliokufa, ambao siku za kazi wauza mitumba walikuwa wakifungulia humo marobota yao, na kuta zilikuwa bado zinanuka kahawa. Mmoja wetu alikuwa fundi mitambo aliyepunguzwa kiwandani, mtu mpole mwenye sauti nzito. Rafiki yangu hakuleta maandishi. Alituambia tulete vitu vya maisha yetu, tuvicheze, tuone vinakwenda wapi. Jumamosi moja, tukimenya ndizi kwangu yeye na mimi, nilimhadithia habari ya kikohozi. Nilimhadithia kama unavyomhadithia rafiki, huku nacheka. Yeye hakucheka. Aliacha kisu ndani ya beseni, akaniomba nirudie tangu mwanzo.

Kwa wiki mbili kile kisa kikawa mchezo. Mwanamke yuko peke yake uwanjani. Kichwa wazi, miguu ameinyoosha, anafagia, anaimba nyimbo za harusini zile zisizoimbwa mbele ya wakubwa. Anachukua ufagio anaufanya fimbo, anatembea kizee, anajichekesha mwenyewe. Ghafla kikohozi. Anajifunika, anageukia ukuta, na hapo anabaki, mgongo kwa watazamaji, kwa muda mrefu kuliko watu wanavyoweza kuvumilia. Mwisho hatukuwa nao. Fundi alikuwa anakohoa akiwa nyuma ya mlango.

Hapa lazima niseme ukweli, maana sisimulii ili nionekane malaika. Ule mwendo wa kizee ulikuwa wa baba mkwe. Goti lake la kushoto liliwahi kuumia na lilitoka nje kidogo kila alipokanyaga. Nilikuwa nimeuona mwendo huo kupitia tundu la jikoni kwa miaka tisa, na nilipouigiza mara ya kwanza wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Nilijiambia kwamba wazee wote hutembea hivyo, kwamba kikohozi hakina mwenyewe. Nilijidanganya vizuri kabisa. Kicheko cha watu ni kitamu, na mimi sikuwahi kukionja kabla ya hapo.

Kisha tukasikia kwamba wageni kutoka Dar es Salaam, pamoja na wafadhili wao wazungu, wangekuja Tukuyu kufanya maonyesho ya siku tatu ya kazi ambazo hazijakamilika. Kila kikundi kingeonyesha kipande chake kikiwa bado kibichi, watazamaji wangeambiwa waziwazi kwamba ni kibichi, wangesema wanachofikiri, na kipande kitakachowagusa wageni kingepelekwa Dar kikamaliziwe huko. Niliona ni kichekesho, kuwaita wageni wakati ugali bado ni uji. Rafiki yangu hakuona kichekesho. Alikonda. Kila mazoezi alinisimamisha mahali pale pale, kwenye kujifunika.

"Unajifunika kama mtu aliyejua atajifunika," aliniambia.

Nilijaribu haraka, nilijaribu polepole, nilijaribu kuangusha ufagio. Alitikisa kichwa. Wiki ya mwisho akaacha kunisumbua, akawa mpole, hata akaniletea maparachichi kutoka kwao. Nilidhani ameridhika.

Zamu yetu iliangukia siku ya pili, saa tisa alasiri. Mvua ilikuwa inapiga, na mvua ya Tukuyu juu ya bati chakavu inakulazimisha upige kelele hata kumwomba mtu akupishe. Ukumbi ulijaa. Wageni walikaa mbele kwenye viti vya kukunja, wenyeji kwenye mabenchi, na nyuma kabisa, penye giza karibu na marobota, palikuwa na watu nisioweza kuwaona. Niliingia. Nikavua kanga kichwani nikaifunga kiunoni. Nikaimba kwa sauti ya juu ili niishinde mvua, watu wakaanza kucheka, nikaufanya ufagio fimbo, nikalitoa goti nje. Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Nikazunguka uwanja mara ya pili, nikaongeza madaha ambayo hayakuwa kwenye mazoezi. Mvua ikapungua kidogo.

Ndipo nikasikia kikohozi. Hakikutoka nyuma ya mlango. Kilitoka kule gizani, mara moja, kikavu, na hakikuwa cha fundi. Ungeniamsha usingizini ningekitambua.

Sikugeukia ukuta. Ukuta niliusahau. Nilivuta kanga kutoka kiunoni nikajifunika uso mzima, nikajikwaa kwenye ufagio wangu mwenyewe, nikapapasa mlango wa pembeni kwa mikono kama kipofu, nikatoka nikakimbilia mvuani. Nilijibanza nyuma ya choo cha ukumbi, miguu mitupu kwenye tope. Nikiwa pale nikasikia mlio mwingine, nikadhani mvua imeongezeka. Yalikuwa makofi. Walikuwa wamesimama, nilikuja kuambiwa. Mzungu mmoja alikuwa analia.

Rafiki yangu alinifuata akiwa amelowa, akanikumbatia kwa furaha. Aliniambia nimefanya kitu ambacho yeye hajawahi kukiona jukwaani. Nilijua, lakini nilimuuliza ni nani aliyekohoa. Akasema nisiliue swali hilo, hilo ndilo mchezo wenyewe. Fundi alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, hakunitazama usoni. Ni yeye aliyesema kwamba asubuhi ile alikuwa ameambiwa akae kimya, leo kuna mwingine atakayeifanya kazi yake.

"Ulijua itakuwa hivi," nikamwambia rafiki yangu.

"Nilijua. Ndiyo maana nilifanya. Ningekwambia, ungekataa."

Alisema hivyo bila aibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa kwa nini sindano haikutangazwa. Angekuwa mtu wa pwani ningesema hakuelewa. Lakini alikuwa mtoto wa Lufingo. Mama yake mwenyewe alikuwa amejibanza migombani mara ngapi mbele ya macho yake? Nilimwomba aniondokee. Nilitembea mpaka Kyimo nikiwa nimejifunika kanga usoni, ingawa njiani hapakuwa na mtu wa kujifunikia.

Nyumbani mume wangu hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alikula, akaniuliza kama ndizi zimeiva, akalala. Siku ya tatu mama mkwe aliingia jikoni, akakaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu yake kwenye moto. Alisimulia taratibu, kwa Kiswahili chake chenye Kinyakyusa ndani yake. Rafiki yangu alikuwa amekuja kwao nikiwa shuleni. Alimwambia mzee kwamba mimi ndiye niliyemtuma. Kwamba naomba baraka zake, ila naona haya kuomba mwenyewe. Kwamba kuna mahali pa giza nyuma, hatutaonana, na kwamba nitacheza jambo la heshima linalohusu heshima. Mzee alifikiri siku nzima. Kisha akatoa koti lake la kanisani, lile la Meza ya Bwana, akalipiga pasi mwenyewe, akashuka Tukuyu na mwamvuli.

Nilianza kujitetea. Nilisema sikumtuma mtu, sikujua, nisingethubutu. Mama mkwe aliinua kiganja.

"Anajua hukujua, mwanangu. Alikuona ulivyokimbia. Tata, baba yenu, anasema nikwambie alikohoa mara tatu."

Sikuelewa. Akanifafanulia polepole. Mzee alikohoa mara ya kwanza nilipovua kanga kichwani, maana hapo hapo alitambua kwamba nimedanganywa, akataka kuniwahi. Mvua ikamshinda. Akakohoa mara ya pili, kwa nguvu, hata jirani yake akageuka, nilipouchukua ufagio. Mvua na kicheko vikamshinda. Cha tatu ndicho nilichokisikia.

Mama mkwe aliinuka akaondoka bila kuniambia kama nimesamehewa. Nilibaki natazama moto. Nilikuwa nimelia kwa siku tatu kwa sababu ya mtu aliyeniuza, na sasa nililia kwa sababu ya mtu aliyejaribu kuniokoa mara mbili huku mimi nikilitoa goti lake nje mbele ya wageni. Rafiki yangu hakuhitaji mzee aje kutazama. Alihitaji adabu yake. Alijua mzee yule asingeweza kukaa kimya akiniona nimefunuka, akaitegemea adabu hiyo kama unavyotegemea saa ya ukutani.

Kipande chetu kilichaguliwa. Rafiki yangu alikuja shuleni kuniambia, amesimama nje ya darasa langu na bahasha. Nilikataa kwenda. Akapata msichana wa Dar, msomi, asiye na baba mkwe. Baada ya miezi akarudi tena, akakaa kwenye dawati la wanafunzi, akakiri kwamba kwa yule msichana kile kipande hakitoki, akaniomba nimweleze tu nilisikia nini siku ile, nilihisi nini, kikohozi kilikuwaje. Aliuliza kwa unyenyekevu na nilimwonea huruma kidogo, maana tulikuwa tumependana kweli. Nilimwambia kilikuwa kimoja tu. Vile viwili vya kwanza sikumpa, na mpaka leo havimo katika mchezo wake.

Baba mkwe hakukohoa tena. Aliacha kupita kwenye ule mgomba. Akija kwetu alizungukia njia ya chini, kupitia shamba la mahindi, au hakuja kabisa, na mimi sikujua tena yuko wapi. Sikuweza kumwomba radhi, kwa kuwa mdomo wangu haukuwa na njia ya kufika kwake, na radhi ya namna ile sikutaka ibebwe na mdomo wa mtu mwingine. Basi nilianza mimi. Kila nilipotoka shuleni, nikifika kwenye kona kabla ya nyumba yao, nilisimama nikakohoa ili kama yuko nje apate nafasi ya kuingia ndani. Niliendelea hivyo mpaka mwaka alipofariki, na siku za mvua nilikohoa mara tatu.