Mama Tindikali wa Kashai

Judica anachanganya chakula cha mifugo katika chumba cha mbele cha nyumba aliyopanga Kashai. Pumba, mashudu ya alizeti, dagaa waliosagwa, chokaa. Alianza na kuku wake mwenyewe, akapata hasara ya kutosha kukata tamaa, kwa sababu mvua ya Bukoba ikija haipiti, inakaa. Chakula kikilala ghalani kinaota ukungu, kuku wanaharisha, mayai yanapungua, na mwenye kuku anabaki kulaumu mbegu.

Kwenye semina ya wafugaji alikutana na afisa mifugo aitwaye Farida, aliyewaonyesha unga mweupe wenye harufu kali ya uchachu.

"Hii ni asidi," Farida alisema. "Ni ndugu wa ile iliyomo kwenye ndimu, kwenye siki, kwenye maziwa yaliyoganda. Unapima kidogo sana, unachanganya na chakula. Ukungu hauoti kirahisi, na tumboni mwa kuku vijidudu vya kuharisha vinakosa raha. Kwa samaki wa kufugwa pia inatumika."

Judica alijaribu. Chakula kikakaa bila kunuka uvundo, kinyesi cha kuku kikakauka. Alifurahi sana, na furaha ikamfanya amweleze kila mteja kilichomo ndani ya mfuko. Mteja mmoja, Joviana wa duka la jirani, akakunja uso.

"Asidi? Si ndiyo tindikali, ile wanayomwagiana watu usoni?"

Judica alicheka. Baadaye alijilaumu kwa kicheko hicho, maana Joviana hakuwa anatania.

Dada yake Klaudia ameolewa Muleba, kwenye kijiji cha ziwani, na mumewe Kagaruki anafuga sato kwenye vizimba. Kagaruki si mtu mbaya. Ndiye aliyemlipia Judica shule baba yao alipofariki, na mpaka leo Judica akimwamkia anapiga magoti. Alipolalamika kwamba sato wake wanadumaa na wengine wanavimba matumbo, Judica alimwomba ajaribu chakula chake kwenye kizimba kimoja.

"Kina asidi kidogo, shemeji. Nakwambia mapema usije ukasikia kwa watu."

"Waitu, shemeji yangu, mimi nataka samaki wanenepe. Hayo ya shule ni yako."

Wakanenepa. Kagaruki akahamishia vizimba vyote kwenye chakula cha Judica, na kila Jumapili baada ya misa alikuwa akiwasimulia wenzake habari za shemeji yake msomi wa Kashai. Wafugaji wengine wa kijiji hicho wakaanza kumpigia Judica simu. Akaajiri mtu wa kumsaidia kusaga.

Kisha ukaja upepo mkali wa kusini. Ulivuma mfululizo, ukachafua ziwa, ukayapandisha juu maji ya chini yasiyo na hewa. Asubuhi upepo ulipotulia, Klaudia alipiga simu akilia.

"Samaki wamekufa, Judica. Wote. Wameelea matumbo juu."

Judica aliacha kuku bila maji, akaenda Muleba. Alimkuta Kagaruki ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, miguu kwenye matope. Vizimba vilikuwa vyeupe kwa matumbo ya samaki, na nzi wameshafika. Judica alipiga magoti kusalimia. Kagaruki hakuitikia.

"Tindikali yako," alisema hatimaye.

"Shemeji, upepo ndio uliofanya hivi. Samaki wamekosa hewa. Watazame hata wa Elieza."

Kweli, vizimba vya Elieza, mfugaji jirani, navyo vilikuwa vimejaa mizoga, na Elieza hajawahi kununua hata kilo moja kwa Judica. Elieza mwenyewe alikuwepo, mikono kiunoni.

"Wewe si unatumia chakula cha Mwanza?" Judica alimuuliza.

"Ndiyo."

"Basi wako wamekufa kwa nini?"

"Maji si ni yaleyale, dada? Imetembea. Imetoka kwake ikaja kwangu."

Judica aligeuka. Alitazama watu waliokusanyika, akaona wanatikisa vichwa kukubaliana na Elieza. Kuna mtu alisema samaki wa ziwani wasiofugwa nao wameonekana wamekufa mbali kule, na hilo nalo likahesabiwa juu yake.

Kabla Judica hajafika Kashai, sauti ya mtu asiyejulikana ilikuwa imeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp: kuna mwanamke Bukoba anaweka tindikali kwenye chakula cha samaki, ameua ziwa, msile sato.

Afisa uvuvi, kijana mtulivu aitwaye Projestus, alikuja kupima maji, akaitisha mkutano. Alieleza vizuri. Alisema hewa ndani ya maji ilikuwa imeisha, kwamba hali hiyo hutokea ziwani hata pasipo na vizimba, kwamba asidi ile kidogo ya kwenye chakula haiwezi kuua samaki wa jirani. Watu walisikiliza kwa adabu. Judica, aliyekuwa ameketi nyuma na Klaudia, akaanza kupumua. Ndipo bibi mmoja akanyanyua mkono.

"Tumekushukuru, mwanangu. Sasa hiyo tindikali, serikali imeshaitoa ziwani?"

Watu wakapiga makofi. Swali lilikuwa limewagusa.

Kashai nako mambo yakawa yaleyale. Wateja walisimama mlangoni wakauliza, "Hiki hakina ile?" Siku moja, mbele ya Joviana, Judica alichukua chembe za ule unga akaziweka kwenye ulimi. Ukali ukamkunja uso, akameza.

"Unaona? Nimekufa?"

"Wewe umeshazoea," Joviana alimjibu, akaenda kununua kwingine.

Watoto wa mtaa wakaanza kumwita Mama Tindikali. Msaidizi wake wa kusaga aliaga kwamba mama yake anaumwa, hakurudi. Farida alipopita kumjulia hali, Judica alimfokea mpaka yeye mwenyewe akamwonea huruma.

"Mngeipa jina lingine! Mngeita hata chumvi!"

"Ingekuwa kuwadanganya watu, Judica."

"Na sasa wameambiwa ukweli upi?"

Farida alifungua pochi. Alinunua mayai, akaondoka.

Miezi ilipita. Kagaruki alipanda vifaranga wapya wa sato, akajaribu chakula cha huku na kule, samaki wakadumaa kama zamani. Asubuhi moja alitokea Kashai bila taarifa.

"Nimekuja kuchukua chakula," alisema. "Lakini bila ile kitu. Na utachanganya mbele yangu."

Judica alitaka kumwambia aende zake. Akakumbuka ada ya shule, akamkumbuka Klaudia, akavuta kiti. Kagaruki aliketi katikati ya chumba, kofia magotini, macho mikononi mwa Judica. Kila Judica alipogusa mfuko, Kagaruki aliuliza ni wa nini. Pumba. Mashudu. Dagaa. Chokaa.

"Chokaa ya nini?"

"Ya mifupa, shemeji."

"Haichomi?"

"Haichomi."

Judica alichanganya kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, vumbi likamwingia machoni, akaacha liingie. Alijua mvua za masika zikianza chakula hicho kitaota ukungu kabla hakijaisha. Alimwambia.

"Kisikae, shemeji. Bila ile asidi kitaharibika haraka. Ukiona kimebadilika rangi usiwape samaki."

"Kikiharibika nitajua umekosea kuchanganya."

Wakafunga mifuko, wakaipakia kwenye bajaji iliyokuwa ikisubiri nje. Kagaruki alivaa kofia yake, akamshika Judica begani kwa upendo wa kweli, kama baba.

"Unaona, mdogo wangu? Kumbe ulikuwa unaweza tangu mwanzo."

Bajaji iliondoka kuelekea stendi. Judica alibaki mlangoni, mikono imejaa pumba, asijue aitazame barabara au arudi ndani.