Bibi Hapana na Paa Lililooshwa

Siku fundi alipomwona yule mama kwa mara ya kwanza, alikuwa amepiga magoti juu ya paa la dada yake, ndoo ya maji ya sabuni ubavuni, brashi mkononi, akisugua bati la mwisho. Aliinua kichwa ili afute jasho, akamwona amesimama nje ya geti. Hakuwa amebisha hodi. Alikuwa mama mwembamba, mtu wa kukaribia kustaafu, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, mkoba wa turubai begani. Alikuwa anamtazama tu. Alimtazama kwa muda mrefu kiasi kwamba fundi, ambaye tangu utotoni kwake kutazamwa ni adhabu, alijikuta anasugua mahali pamoja mara tatu.

"Unafanya nini huko juu?" mama aliuliza, bila kupaza sauti.

"Nasafisha, mama."

"Nani amekutuma?"

Hakuna aliyemtuma. Mvua ya mawe ilikuwa imenyesha Jumatatu, dakika kumi tu, lakini mawe yenyewe makubwa kama mayai ya kuku, na dari ya chumba cha mbele ilianguka juu ya cherehani ya dada yake. Dada alikuwa mshonaji. Chumba kile ndicho kilichomlisha tangu mume wake alipofariki, na sasa vitambaa vya wateja vilikuwa vimerundikwa kitandani, navyo vinanuka unyevu. Nyumba ilikuwa na bima. Dada alipiga simu, akaambiwa mkaguzi atakuja Alhamisi. Basi fundi akaona si vizuri mgeni wa ofisini akute paa limejaa vumbi, majani na ukungu wa miaka. Aliamka mapema, akalisugua likang'aa, ili kila bati lililobonyea lionekane vizuri. Alikuwa fundi wa mapaa kwa miaka ishirini na mbili na hakupenda kazi chafu.

Hayo yote angeweza kumweleza yule mama. Lakini mdomo wake ulikuwa mzito mbele ya watu asiowajua. Akanyamaza, na kule kunyamaza kukaonekana vibaya.

Mama aliingia, akasalimiana na dada, akasema ndiye mkaguzi wa bima, akakataa kiti, akakataa maji ya kunywa akisema anayo yake. Alivua viatu vyake, akatoa kwenye mkoba viatu vingine vyenye soli laini za mpira, akavivaa, akapanda ngazi polepole kama mtu anayehesabu vidato. Fundi alimshikia ngazi. Mama alitazama chini, akamwambia asimame mbali, ataishika dada mwenyewe. Hapo fundi akajua kwamba anashukiwa, ila hakujua ni kwa lipi.

Juu kule mama alitoa kipande kinene cha chaki. Hakuandika nacho. Alikilaza ubavu, akakipitisha juu ya bati kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Bati likawa jeupe, isipokuwa pale lilipobonyea. Chaki ilipita juu ya kila shimo bila kuligusa, na mashimo yote yakajitokeza kama madoa. Fundi alikuwa hajawahi kuona kitu kama hicho, akasahau woga wake kidogo. Kisha mama akachora mraba, akahesabu, akaandika. Akamwita apande.

"Hili paa lilikuwa na vumbi kabla hujaliosha?"

"Ndiyo."

"Na ukungu?"

"Ndiyo, mama. Mwingi."

Alivua miwani. Akamweleza, bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwamba jiwe la barafu likigonga bati chafu hubandua uchafu pale lilipogonga, likaacha doa safi la mviringo. Doa hilo hudumu wiki chache tu, kisha vumbi hulifunika tena. Mkaguzi akiliona anajua shimo ni la juzi. Asipoliona, shimo laweza kuwa la mwaka jana, au laweza kuwa la nyundo.

"Tarehe ilikuwa imeandikwa hapa," alisema. "Wewe umeiosha."

Kisha akaomba kuona nyundo zake. Zote. Fundi akaleta kisanduku, na mama akazitoa moja moja, akazipima vichwa kwa futi, akavilinganisha na mashimo. Fundi alisimama pale kama mtu anayepekuliwa mifuko mbele ya wakwe. Alijua mama anatafuta nini. Mwaka uliopita palipita kundi la watu mtaani, wanajiita mafundi, wanapanda paa la mtu baada ya mvua wakiwa na nyundo iliyofungwa kitambaa, wanalitwanga, kisha wanamwambia mwenye nyumba adai paa jipya wagawane.

Mama alipoondoka alimwambia dada kwamba ripoti haijakamilika. Kwa sasa anaandika kwamba chanzo hakijathibitika.

Dada alisubiri geti lifungwe. "Mdogo wangu," alisema, "mimi nilikuomba uoshe paa?"

Fundi akasema hapana.

"Umeligonga?"

Hilo lilimuuma kuliko nyundo kupimwa. Akatikisa kichwa. Dada akamwangalia jinsi yule mama alivyomwangalia, akaingia ndani kuanika vitambaa.

Mwenye duka la ng'ambo ya barabara, ambaye binamu yake alifanya kazi kwenye kampuni hiyo ya bima, alimtambua mama yule hata kabla fundi hajamaliza kumweleza. Akacheka mpaka akashika kaunta. "Kaka, mmepata Bibi Hapana. Poleni. Huyo hata ukimwambia leo ni Alhamisi atakwambia leta ushahidi."

Akamsimulia habari zake, na fundi akasikiliza huku akijifanya anachagua betri. Mama huyo aliingia kampuni kama mfagiaji na mpika chai. Siku moja mkaguzi wa wakati huo alimchukua amshikie ngazi. Mkaguzi akateleza, akavunjika kifundo cha mguu, na huku analia pale chini, mfagiaji akapanda, akamalizia kuhesabu, akashuka na namba zote kwenye kiganja. Wakamfundisha kazi. Miaka kadhaa baadaye akatokea mwenye nyumba mmoja, mpole, msemaji mzuri, anayejua kumliza mtu. Mama akamwamini, akaandika ndiyo. Ikaja kujulikana kwamba yule bwana alilipiga paa lake mwenyewe kwa jiwe alilolitia ndani ya soksi. Mama akarudishwa ofisini kupanga mafaili, miaka miwili nzima. Tangu alipotoka tena, neno lake la kwanza kwa kila mtu ni hapana, na wanaosema vizuri huwakagua mara mbili.

"Lakini wewe husemi kabisa," mwenye duka alisema. "Sijui wewe atakufanyaje."

Akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba watu husema analipwa kitu juu ya kila dai analolikataa. Hakuwa na hakika. Watu husema tu.

Neno hilo lilimkaa fundi rohoni. Siku zilizofuata alimwona mama mara mbili bila kutarajia. Mara ya kwanza alikuwa amechuchumaa nje ya geti, uso karibu kabisa na chuma, anapiga picha. Mara ya pili alikuwa nyuma ya nyumba, upande wa jikoni, anapapasa ukuta kwa vidole kama daktari anayetafuta panapouma. Hakubisha hodi mara zote mbili. Fundi alijibanza nyuma ya tanki la maji akamchungulia. Mtu anayetaka kusaidia, alijiuliza, kwa nini aje kwa kunyata? Paa halikuwa kwenye geti wala ukutani. Aliona wazi kwamba anatafutiwa kosa la pili, kana kwamba la kwanza halikutosha.

Na kosa la pili lilikuwepo. Hilo ndilo lililomnyima raha. Upande wa nyuma, juu ya jiko, mabati yalikuwa na mashimo ya kubonyea ambayo si ya mvua. Mwaka uliopita alipokuwa akikaza bati lililolegea, kisanduku cha vifaa kilimponyoka kikabingirika na kumwaga nyundo na spana zote. Upande huo haukuvuja, naye alikuwa ameona aibu, hakumwambia mtu.

Wiki iliyofuata mama alikuja tena, safari hii kwa taarifa. Akapanda upande wa nyuma, akapitisha chaki yake, mashimo yakatokea. Akamwita fundi, akampa kipande cha chaki chekundu.

"Weka alama zile ambazo ni zako," alisema.

Fundi alikishika kile kipande kama kaa la moto. Ulikuwa mtego, hakuwa na shaka. Akiweka alama hata moja, amekiri kwamba mkono wake umelipiga paa hili, na mtu aliyepiga nyuma anashindwa nini kupiga mbele? Dai lote litakufa, na chumba cha kushonea kitabaki bila dari. Asipoweka, basi amesema kwa vitendo kwamba yote ni ya mvua. Alitazama chini. Dada alikuwa ameshika ngazi kwa mikono miwili, amemkazia macho, na midomo yake inasema bila sauti: hakuna. Hakuna. Hakuna.

Mama alikuwa amegeuka, anaangalia mahali pengine, au anajifanya anaangalia mahali pengine.

Fundi aliinama akaanza kuchora. Moja. Mbili. Duara zikawa kama viazi. Ziliisha zikiwa kumi na moja, mojawapo ndogo ya ncha ya spana ambayo hata chaki ya mama haikuwa imeionyesha. Alirudisha kile kipande. Kwa mara ya kwanza alisema bila kuulizwa.

"Kisanduku kiliniponyoka. Mwaka jana. Dada hajui."

Mama hakusema asante. Alizihesabu, akapiga picha, akashuka, akavaa viatu vyake vya kutembelea, akaaga kwa kichwa. Dada alikaa siku nne bila kumsemesha mdogo wake isipokuwa kwa mambo ya lazima, chumvi iko wapi na nani amefunga bomba. Siku ya tatu alimwambia kwamba cherehani atamuuzia jirani, maana hawezi kushonea sebuleni kwa mtu. Fundi alikula chakula chake amesimama.

Siku ya tano barua ikaja. Dada aliisoma mara mbili akiwa mlangoni, kisha akampa aisome mwenyewe, ingawa alijua kusoma kwake ni kwa polepole. Upande wa mbele umekubaliwa wote, pamoja na dari. Upande wa nyuma umekataliwa wote. Fundi aliitafuta hila kati ya mistari, hata akaigeuza nyuma. Hakuona kitu. Dada alikwenda jikoni, akarudi na sahani mbili, akaketi, akamvutia kiti.

Kazi ya kuezeka alipewa yeye mwenyewe, kwa sharti kwamba mkaguzi atakuja kuiangalia. Aliezeka kwa siku sita. Hakuna paa alilowahi kuliezeka kwa woga kama lile. Kila skrubu alihisi kuna jicho nyuma yake. Dada alikuwa tayari amerudisha cherehani chini ya dari mpya, na mlio wake ulimfikia fundi huko juu tangu asubuhi.

Mama alikuja siku ya saba. Alikagua mifereji, akakagua kofia, lile bati linalofunika kilele cha paa, akataka kuona mabati ya zamani yamekatwakatwa, yasije yakapandishwa juu ya nyumba nyingine kwenda kudai tena. Fundi alimwonyesha kila kitu, kisha akapiga moyo konde akamuuliza jambo lililokuwa likimsumbua. Kama asingeweka zile alama, ingekuwaje?

Mama alimpeleka kwenye geti. Akamwonyesha kwamba rangi ya upande wa barabarani ilikuwa imedondoka vipande vidogo vidogo, chuma chini yake bado hakikuwa na kutu siku alipokipiga picha, na upande wa ndani rangi ilikuwa nzima. Mvua ile ililetwa na upepo kutoka barabarani. Mbele iligonga, nyuma, hata ukuta wa jikoni, haikugusa. Kwa hiyo chochote kilichobonyea kule nyuma ni mkono wa mtu. Geti lilimpa tarehe ambayo paa lilikuwa limepoteza. Lakini mtu ambaye angesema nyuma ni mvua, mama alisema, asingemwamini na ya mbele pia. Angeandika hapana, geti au bila geti.

Fundi akatafuta neno la kumshukuru. Alichelewa, kama kawaida yake. Mama alikuwa amerudi chini ya paa, miwani puani, shingo imenyooka kuangalia pembe ya kushoto, pale boksi la skrubu lilipomwishia fundi akaenda kununua mbili dukani. Mwezi uliofuata mwenye duka alimwambia kwamba Bibi Hapana amestaafu, kahamia kwa binti yake, na tangu hapo fundi hakumwona tena. Lakini siku ile ya ukaguzi mama alitia sahihi karatasi yake, akaitia kwenye mkoba, na kabla ya kupanda gari alimgeukia.

"Zile skrubu mbili za pembeni si za boksi moja na zile nyingine, fundi," alisema. "Usidhani sijaziona."